Taa ya Kalobeyei na vumbi la Kolwezi: Betri isiyo na kobalti na afya yako

Huenda ukashangaa kuona safu hii ikizungumza juu ya betri juma hili. Umezoea kusoma hapa habari za malaria, shinikizo la damu na kuhara kwa watoto. Mimi mwenyewe nilisomea udaktari, si ufundi wa umeme. Lakini mgonjwa mmoja huko Kalobeyei aliniuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu vizuri siku hiyo, na tangu hapo nimekuwa nikilitafutia jibu.

Kwa ambao hawajafika huko, Kalobeyei iko Kaunti ya Turkana, ukishapita Kakuma kwenye barabara itokayo Lodwar kuelekea Lokichoggio. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992. Ilipofurika watu, serikali ya kaunti na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi walikubaliana kuanzisha makazi mapya hapo Kalobeyei, na watu wakaanza kuhamia mwaka wa 2016. Nia ilikuwa wakimbizi na Waturkana wenyeji watumie shule, masoko na zahanati zile zile. Kwa hiyo kwenye benchi la kungojea daktari utamkuta mama wa Kiturkana mwenye shanga tele shingoni, kando yake kijana kutoka Sudan Kusini, kisha Mwethiopia, Mrundi, na Mkongomani mwenye Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa.

Mgonjwa wangu alikuwa mmoja wa hao Wakongomani. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, anakohoa kikohozi kikavu na kusimama kuvuta pumzi kila baada ya maneno matano. Daftari lake la kliniki lilionyesha kwamba alikwisha kupewa dawa za kifua kikuu, miezi sita kamili, akazimeza zote. Makohozi yake yalipimwa zaidi ya mara moja na hayakupata kuonyesha vijidudu. Dawa zilikwisha, kikohozi kikabaki.

Nikamuuliza swali ambalo sisi madaktari tunafundishwa kuuliza na ambalo tunalisahau kila foleni inapokuwa ndefu. Kwenu ulikuwa unafanya kazi gani, ndugu?

"Docteur, mi nilikuwa creuseur kule Kolwezi." Yaani mchimbaji wa kujitegemea, wa sururu na gunia. Alizaliwa Kivu, akaenda Kolwezi kutafuta riziki, akachimba kobalti kwa miaka sita, akarudi Kivu, na vita vikamfukuza hadi Kenya. Nikamuuliza kama alikuwa akifunika pua alipokuwa shimoni.

"Na nini, docteur?"

Mapajani alikuwa ameshika taa ya sola, zile ndogo za plastiki zenye kijibao cha kunasa jua mgongoni. Alikuwa akiipeleka kwa fundi kwa sababu haikai na moto usiku kucha. Akaigeuza, akaniuliza, "Humu ndani mna ile mali yetu?"

Nikasoma kilichoandikwa nyuma. Volti 3.2. Nikamwambia nadhani hapana, aina hii hutengenezwa kwa chuma, haina kobalti. Akanyamaza kidogo. "Basi wale waliobaki kule watakula nini?"

Hilo ndilo swali nililoshindwa. Kabla sijalirudia, hebu tuanze na kobalti yenyewe.

UNAYO MWILINI MWAKO

Kobalti ni madini ya jamii moja na chuma na nikeli. Usidhani ni sumu tupu. Wewe unayesoma hapa unayo mwilini, kidogo mno kiasi kwamba mizani ya dukani haiwezi kuipima. Imo katikati ya vitamini B12, ile inayopatikana katika nyama, maziwa, samaki na mayai, ambayo bila hiyo mtu hupungukiwa damu na neva zake huharibika. Mfugaji wa Kiturkana anayekunywa maziwa ya ngamia anapata kobalti yake humo, tena katika umbo ambalo mwili umeizoea.

Taabu huanza inapoingia kwa wingi, au kwa mlango usio wake. Wakati fulani katikati ya karne iliyopita madaktari wenzangu walikuwa wakiwapa wagonjwa wa upungufu wa damu chumvi za kobalti. Damu iliongezeka kweli, lakini wengine wakavimba tezi la shingo, na dawa hiyo ikaachwa. Kisha kukatokea kisa cha Quebec, Kanada, mwaka wa 1965 na 1966. Watengenezaji wa bia walitia kobalti kidogo ili povu lisitulie haraka kwenye glasi. Wanywaji wakubwa wakaanza kuja hospitalini wamebadilika rangi, mioyo yao imelegea na kupanuka. Waliougua walikuwa karibu 50, na wapatao 20 wakafa. Povu tu, msomaji.

Ikipitia njia ya hewa, vumbi la kobalti huwasha mirija ya mapafu na kuleta pumu kwa baadhi ya watu. Wafanyakazi wa viwanda vya kunoa vyuma vigumu, ambako kobalti huchanganywa na tangsteni, hupata ugonjwa wa mapafu kukakamaa hadi mtu anashindwa kupanda ngazi. Kwenye ngozi huleta ukurutu unaowasha. Na mwaka wa 2022 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliiweka kobalti ya metali pamoja na chumvi zake zinazoyeyuka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani kwa binadamu. Si kundi la juu kabisa walimo sigara na asbesto, bali ni lile linalofuata.

KOLWEZI

Sasa, takriban tani saba kati ya kila kumi za kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchi moja, nayo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika ukanda wa kusini wa Lualaba na Katanga ya Juu. Kubwa ya hiyo huchimbwa na kampuni zenye mitambo. Iliyobaki huchimbwa na watu kama mgonjwa wangu, zaidi ya laki moja kwa makadirio, wanaoteremka mashimo yasiyo na nguzo wala hewa. Mwaka wa 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto lilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Katanga, mengi ya kobalti.

Mwaka huo huo wa 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, madini yaligunduliwa chini ya nyumba za watu. Muda si muda mtaa mzima ukageuka machimbo. Watu walichimba sakafu za vyumba vyao, uani mwao na barabarani, na watoto wakacheza juu ya vifusi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakishirikiana na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima damu na mikojo ya wakazi hao, wakawalinganisha na wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Waliyoyakuta waliyachapisha mwaka wa 2018. Wakazi wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi, na walioongoza ni watoto. Seli za watoto hao zilionyesha dalili za kuharibika kwa ile asidi inayobeba urithi wa mwili.

Watafiti hao walikuwa wameanza mapema. Mwaka wa 2009 walikwisha kuonyesha kwamba hata raia wa kawaida wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini vya Katanga walikuwa na kobalti mkojoni kwa kiwango ambacho ni nadra kuonekana kwingine duniani. Na mwaka wa 2020 wakatoa taarifa kutoka Lubumbashi kwamba watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na baba anayefanya kazi ya migodini. Hapo ni lazima niwe mwangalifu. Migodini mna risasi, urani, manganizi na mengine mengi, na uhusiano wa namna hiyo hautoshi kusema kwamba kobalti peke yake ndiyo iliyotenda.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa wangu. Vumbi la mwamba lina mchanga wa silika ambao hukwaruza mapafu na kuyatia makovu, ugonjwa unaoonekana sana kama kifua kikuu kwenye picha ya eksirei, na tena unaofungua mlango wa kifua kikuu chenyewe. Siwezi kuapa kwamba kobalti ndiyo iliyomvunja pumzi. Ninachoweza kuapa ni kwamba katika daftari lake lote, kurasa kumi na tano, hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi kushika sururu.

BETRI HUFANYA KAZI VIPI?

Fikiria mifugo ya Mturkana. Asubuhi mbuzi hutoka zizini kwenda malishoni, jioni hurudi. Ndani ya betri ya lithiamu mna mazizi mawili. Moja huitwa anodi, kwa kawaida ni la grafiti, kaboni ile ile iliyomo katika penseli. Jingine huitwa kathodi. Lithiamu ndiyo mbuzi. Ukichaji, lithiamu hutolewa kwenye kathodi na kusukumwa hadi grafiti. Ukiwasha taa, hurejea yenyewe kwenye kathodi, na katika kurejea huko ndiko umeme hupita kwenye waya na kuwasha glopu.

Kobalti ilikuwa nguzo za zizi la kathodi. Mwaka wa 1980, huko Oxford, Uingereza, Profesa John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksaidi ya kobalti ina matabaka kama rafu za duka, na lithiamu huingia na kutoka katikati ya rafu hizo bila kuzibomoa. Akira Yoshino wa Japani akaiunganisha na anodi ya kaboni, na mwaka wa 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuziuza. Goodenough, Yoshino na Stanley Whittingham, aliyetangulia wote katika wazo hilo, walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2019. Wakati huo Goodenough alikuwa na miaka 97, akawa mzee kuliko wote waliowahi kuipata. Alifariki mwaka wa 2023 akiwa na miaka 100. Mimi nina wagonjwa wa miaka sitini wanaoniambia wamezeeka mno kuacha sigara.

Simu nyingi hadi leo zina kathodi ya kobalti, gramu chache tu kwa kila moja. Gari la umeme lenye betri ya aina hiyo linaweza kubeba kilo kadhaa. Kasoro yake, mbali na bei na hayo niliyoyaeleza ya Kolwezi, ni kwamba nguzo hizo hazipendi joto. Ukitoa lithiamu kupita karibu nusu, rafu huanza kuporomoka. Na betri ikipata joto kali, takriban nyuzi 150 hadi 200, oksaidi hiyo huachia oksijeni. Kwa kuwa ndani mna maji maji yanayowaka, moto unapata kuni na hewa mahali pamoja. Ndiyo sababu ukiufunika haufi.

CHUMA CHASHIKA NAFASI

Miongoni mwa wa kwanza kutafuta njia mbadala alikuwamo Mwafrika, jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Michael Thackeray alitoka Pretoria, Afrika Kusini, akaenda kufanya kazi kwa Goodenough huko Oxford, na mwaka wa 1983 wakatangaza kathodi ya manganizi. Ni rahisi na salama kuliko kobalti, lakini kwenye joto jingi manganizi huyeyuka kidogo kidogo na betri huchoka mapema. Huko Turkana isingefika mbali.

Kisha Goodenough akahamia Texas. Mwaka wa 1997 yeye na mwanafunzi wake Akshaya Padhi walichapisha habari za kathodi ya chuma na fosfeti. Chuma ni kile kile cha msumari. Fosfeti ni ile ile ya mbolea, na ndiyo pia iliyomo katika mifupa yako. Fosforasi hushika oksijeni kwa nguvu kiasi kwamba hata betri ikipata joto haiachii kwa urahisi, na huvumilia hadi zaidi ya nyuzi 250 kabla mambo hayajaharibika. Wengi hawakuitilia maanani mwanzoni kwa sababu ilipitisha umeme vibaya, kama mtu anayemwaga maji kupitia kitambaa kizito. Dawa ikapatikana. Walisaga unga wake ukawa laini kabisa, na kila punje wakaipaka kaboni kwa nje. Kazi hiyo ya kupaka kaboni ilifanywa zaidi na Michel Armand na wenzake wa Quebec. Ndiyo, Quebec ile ile ya bia.

Wachina ndio walioifanya kuwa bidhaa ya kila siku. Kufikia mwaka wa 2024, karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani, kwa kipimo cha uwezo wake, zilikuwa za chuma na fosfeti. Upungufu wake ni kwamba kwa uzito ule ule huhifadhi umeme mdogo kuliko ya kobalti, ndiyo maana watengenezaji wa simu, wanaotaka kitu chembamba kama biskuti, hawajaichukua. Lakini taa ya mezani au betri ya kituo cha afya haiendi popote. Uzito si hoja, na huvumilia kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi, wakati ya simu huanza kuchoka baada ya mara mia tano au elfu moja.

Utafiti haujasimama. Wapo wanaotengeneza kathodi ya nikeli bila kobalti kabisa. Wapo wanaochanganya chuma na manganizi ndani ya fosfeti ili wapate umeme zaidi. Wapo wanaotafuta kathodi za mada za kaboni zisizo na metali hata kidogo. Wengine wameiacha lithiamu yenyewe, wakachukua sodiamu, ile ya chumvi ya mezani.

Kama daktari nina neno hapo. Msishangilie kila kitu kilichoandikwa kwamba hakina kobalti. Nikeli ni mmoja wa waletao mizio ya ngozi wakubwa duniani, na wafanyakazi wa viwanda vya kuisafisha wamepatwa na saratani za mapafu na pua. Vumbi la manganizi, akilivuta mtu miaka mingi, humletea mtetemeko, mwendo wa kujikokota na uso usiocheka, ugonjwa unaofanana na ule wa Parkinson. Umeonekana kwa wachimbaji na wachomeleaji vyuma. Katika orodha yote hiyo, chuma na fosfeti ndivyo ninavyoweza kulala navyo chumba kimoja bila wasiwasi mwingi.

TURKANA NA JOTO LAKE

Kwa nini nasumbuka na haya kwa ajili ya Kalobeyei? Kwa sababu umeme wa gridi ya taifa haujawafikia walio wengi huko, na jua ndilo linalowasha taa, kuchaji simu na kuendesha mitambo midogo inayouza umeme vijijini. Palipo na sola pana betri. Na kwa sababu joto la mchana katika ukanda wa Lodwar na Kakuma hufika nyuzi 35 hadi 40 kivulini. Ndani ya nyumba ya mabati ni zaidi. Kanuni ya jumla ni kwamba kila nyuzi kumi zinazoongezeka, betri huzeeka karibu maradufu. Ya chuma nayo huzeeka, lakini haina haraka ya kuwaka.

Naliona kwenye mambo madogo. Mkunga anayezalisha saa nane za usiku anahitaji taa isiyozimika kabla kondo halijatoka. Mtoto mwenye nimonia anahitaji mashine ya oksijeni, na mashine hiyo haijui kwamba jua limetua. (Friji nyingi za chanjo za sola siku hizi zimekwepa shida hiyo. Hazina betri kabisa, hugandisha barafu mchana na kuishi kwa barafu hiyo usiku.) Na nyumba iliyoacha koroboi imeacha pia moshi, imeacha kuungua, na imeacha ile chupa ya soda iliyojaa mafuta ya taa ambayo mtoto wa miaka miwili huinywa akidhani ni maji. Likikupata hilo, mama, usimtapishe mtoto. Mafuta yakirudi juu huingia mapafuni na hapo ndipo yanapoua. Mkimbize kliniki.

Sasa yale ambayo fundi hakuambii. Tazama nyuma ya taa au betri kabla hujalipa. Ukiona volti 3.2, au 12.8 kwa betri kubwa, basi kwa kawaida hiyo ni ya chuma na fosfeti. Ukiona 3.6 au 3.7, mara nyingi ni ya kobalti, au nikeli na kobalti, au manganizi. Usikubali fundi akutie ya 3.7 ndani ya taa iliyotengenezewa 3.2, wala kinyume chake, kwa maana chaja yake haikupimwa kwa hiyo. Usiiache ikichaji juu ya bati au ndani ya boksi juani. Weka kijibao cha sola juani, betri iwe kivulini.

Simu iliyovimba mgongo imekufa. Usiitoboe kutoa hewa, nimeona mikono ya waliofanya hivyo. Ikianza kutoa moshi, toka nje na watoto wote kwanza, kwa sababu moshi huo una gesi ya haidrojeni floraidi inayochoma koo na mapafu, na mtu anaweza kujisikia mzima kisha akabanwa na kifua saa kadhaa baadaye. Maji mengi hupoza betri, kikombe kimoja hakitoshi. Aliyeungua, mwagie maji baridi dakika ishirini. Najua bei ya mtungi wa maji huko, lakini hata maji yaliyofulia ni bora kuliko dawa ya meno au yai. Na usilale na simu ikichaji chini ya mto.

Hatari kuliko zote ni ile ndogo kuliko zote. Namaanisha betri bapa kama shilingi, ya rimoti, ya saa na ya wanasesere wanaoimba. Nyingi kati ya hizo hazina kobalti, kathodi yake ni ya manganizi, na bado mtoto akiimeza ikakwama kooni huanza kuchoma umio ndani ya saa mbili. Umeme wake ndio unaochoma, si madini. Dalili ni mate mengi, kukataa kula na kikohozi. Kama umemwona akiimeza, au unashuku, usingoje. Mpeleke mahali penye eksirei mara moja. Mkiwa njiani, ikiwa ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza na hazijapita saa kumi na mbili, mpe asali vijiko viwili vya chai kila dakika kumi, visizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua. Usichelewe nyumbani ukitafuta asali.

Na betri kuukuu za risasi, zile nzito za magari ambazo maduka mengi bado huziunganisha na sola, usizivunje uani. Owino Uhuru, Mombasa, walikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri hizo hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Risasi iliingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda hicho ambaye mwanawe alidhurika, alipigana hadi akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mahakama iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, na baada ya rufani Mahakama ya Juu ikasimama nao Desemba 2024.

WATAKULA NINI?

Narudi kwa mgonjwa wangu. Swali lake lilinisumbua kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Nilidhani nampa habari njema kwamba taa yake haikutoka mashimoni, naye akasikia kwamba soko la ndugu zake linafungwa.

Nikisha kusoma, naona halifungwi kesho. Simu bado zinaitaka kobalti. Injini za ndege zinaitaka, na hata nyonga za chuma tunazowawekea wazee mara nyingi zina kobalti ndani yake. Isitoshe, huko Kongo kobalti huchimbwa pamoja na shaba, na nyaya za umeme wa jua zinahitaji shaba. Lakini bei ndiyo inayomfikia mchimbaji kwanza. Ilipanda sana mwaka wa 2022, ikaporomoka hadi Kinshasa ikasimamisha usafirishaji Februari 2025, kisha kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka mgao. Bei ikishuka, mchimbaji hapumziki. Huchimba zaidi ili apate kile kile, na hushuka na mtoto wake.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaosema kwamba kuondoa kobalti kwenye betri kumemaliza kazi. Vumbi la Kolwezi halilowi kwa sababu mtu wa Texas alivumbua chuma. Hulowa kwa maji. Kunyunyizia mwamba maji kabla ya kuupasua, kuosha madini mbali na nyumba, kutoboa tundu la hewa, na barakoa halisi badala ya kitambaa, ni vitu vya bei nafuu kuliko kathodi yoyote, na vimejulikana kwa wachimbaji wa makaa na dhahabu kwa miaka mingi. Serikali ya Kongo iliunda shirika la kununua kobalti ya wachimbaji wadogo mwaka wa 2019, likiwa na ahadi ya machimbo yaliyo salama zaidi. Ningependa anayenunua simu aulize habari za ahadi hiyo kama anavyouliza habari za kamera.

Na ningependa sisi wa upande huu wa mpaka tuanze kuuliza swali la kazi. Miongoni mwa Wakongomani wa Kakuma na Kalobeyei wamo waliopitia machimboni. Ukiwa wewe ni mmoja wao, au mumeo, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Sema ulichimba nini, wapi, na miaka mingapi. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hilo halibadiliki. Lakini kikibaki baada ya dawa, usikubali kurudishiwa dawa zile zile bila picha ya kifua na kipimo cha nguvu ya pumzi.

Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Lodwar, mwendo wa kilomita 120 hivi. Fomu ilikuwa imejazwa kichwani na karani wa mapokezi, kwa mwandiko mzuri: jina, umri, uraia. Kwenye mstari wa kazi palikuwa pameandikwa "hana". Nikalikata neno hilo, nikaandika juu yake: mchimba kobalti, Kolwezi, miaka 6, bila kinga ya pua.

Akalisoma juu chini. Kisha akaniomba nimwandikie pia kwenye karatasi nyingine, ya kumwonyesha fundi, kwamba taa ni ya volti 3.2.